Kutazama ndege kwa mapenzi na kutaka kujulikana: mnapatanishaje mambo haya mawili?

Mkaazi wa Ondiri (muuliza swali)

Wapendwa watazamaji wenzangu,

Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda, na ambalo naamini si langu peke yangu. Ninaishi Kikuyu, jirani na kinamasi cha Ondiri, na nilianza kutazama ndege nikiwa bado shule ya upili. Wakati huo sikuwa na darubini wala kitabu cha kunisaidia kuwatambua. Nilikaa tu ukingoni mwa matete nikawatazama korongo taji wakitembea juu ya mimea inayoelea, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu mwingine anayejua kwamba nimewaona.

Mambo yalibadilika nilipojiunga na eBird. Kwa wageni wa jukwaa hili, huu ni mfumo ulioanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia (elimu ya ndege) ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Audubon huko Marekani, ambamo mtu huandika ndege aliowaona, mahali alipowaona, saa na idadi, na orodha hizo zimekuwa hazina kubwa kwa watafiti wa dunia nzima. Sina lalamiko lolote juu ya kazi hiyo. Ila mfumo huohuo huwapanga watu kwa idadi ya spishi walizoziona, nchi kwa nchi na eneo kwa eneo, na tangu jina langu lilipojitokeza kwenye orodha ya vinara nimejikuta nikiiangalia orodha hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele za watu. Asubuhi, kabla sijafungua dirisha, huwa nimeshafungua simu kuona kama aliye juu yangu ameongeza kitu. Nikiwa Ondiri nami nimeshawaona ndege wote niliotarajia kuwaona, naanza kutazama saa, kwa kuwa hata nikikaa pale mpaka jioni nafasi yangu haitapanda. Tangazo likitoka kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuna ndege mgeni Magadi au Naivasha, nafunga safari, na nikishampata nagundua kwamba nilichokuwa nikikisubiri hasa ni pongezi zitakazofuata picha.

Hata hivyo, sitaki kuandika kana kwamba kutaka kujulikana ni dhambi. Kenya ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege, lakini kwa miaka mingi vitabu, makala na orodha ndefu zilikuwa mali ya wageni au ya watu wachache wenye magari na nafasi. Kijana wa kwetu anapoonekana miongoni mwa vinara, wadogo zake wanaona kwamba mambo haya yanawahusu nao pia, na mimi mwenyewe nimeshapata ujumbe wa vijana wawili watatu walioanza kwa sababu waliliona jina langu. Sifa hiyo imefanya kazi njema, na siwezi kuikana.

Ninachouliza ni hiki. Je, kuna mtu hapa ambaye ameweza kubaki na yote mawili, yaani ile raha ya kumtazama ndege kwa ajili yake mwenyewe na ile hamu ya kutambuliwa na wenzake, bila moja kulila jingine? Au ni lazima mtu achague, ajiondoe kwenye orodha za vinara na arudi kukaa ukingoni mwa matete?

Mwongozaji wa Watamu

Ndugu wa Ondiri, salamu kutoka Pwani, na ahsante kwa kuliandika jambo hili waziwazi.

Mimi nalitazama kutoka upande mwingine. Kazi yangu ni kuwaongoza watazamaji katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na ndege anayewaleta wengi wao ni yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1960 tu. Kimo chake hakifiki shibiri. Mchana hulala, mara nyingi dume na jike wakiwa wamekaa bega kwa bega, ndani ya vichaka vilivyosongamana katika ile sehemu ya msitu yenye udongo mwekundu, na rangi yake humfanya aonekane kama jani kavu lililonasa kwenye tawi. Ili mgeni amwone, mwongozaji huingia msituni alfajiri na kupita kwenye vichaka ambamo bundi hao wamewahi kulala, akiinama na kutazama tawi baada ya tawi kwa utulivu, kwa sababu akiwashtua watahama na kazi yote itaanza upya. Baadaye mgeni anafika, anaonyeshwa, anatazama, anapiga picha, na jioni spishi hiyo inaingia kwenye orodha yake. Ni haki yake, kwa kuwa kweli amemwona. Lakini jina la aliyempata bundi huyo mara nyingi halimo popote.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kutaka kutambuliwa ni udhaifu wa moyo. Kwetu sisi kutajwa ni riziki. Mgeni mmoja akiliandika jina la mwongozaji wake, mwingine atakuja msimu ujao akimuulizia kwa jina hilo, na hivyo ndivyo watoto wanavyosomeshwa. Methali yetu husema chema chajiuza, lakini katika kazi hii nimewaona waongozaji hodari kabisa wakikaa bila wageni kwa sababu hakuna aliyewataja.

Mjadala wa aina hii ukizuka huwa namkumbuka Jali Makawa, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na mtaalamu wa ndege Constantine Benson huko Malawi na Zambia. Mwaka 1964, mahali panapoitwa Mayau, kaskazini-magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mdogo ambaye hakufanana kabisa na yeyote aliyejulikana, na mwaka uliofuata akapewa jina la kisayansi Pogoniulus makawai kwa heshima ya Makawa. Mpaka leo aliyepatikana ni ndege huyo mmoja tu, na wapo wataalamu wanaodhani kuwa si spishi mpya bali ni ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi zisizo za kawaida. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Katika zama zile, Mwafrika aliyemkamata ndege na kumtambua alikuwa akiandikwa, kama aliandikwa, kuwa ni mtumishi, lakini jina la mtu huyu limebaki kwa sababu mwenzake aliona ni haki kulitaja. Kwa hiyo, ndugu yangu, usijiulize tu kama unatafuta sifa mno. Kila unapoandika orodha kuna sehemu ya maelezo, na hapo unaweza kumtaja aliyekuonyesha, mvuvi aliyekuelekeza, mtoto aliyekupeleka kwenye kiota.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wapo wageni wanaonitaka nimpigie bundi sauti yake kwenye simu mchana ili ajitokeze haraka, kwa kuwa ratiba yao imebana na bado wanataka spishi nyingine kabla ya jua kuzama. Ndege anayesikia rekodi ya mwenzake hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, akaacha kupumzika au kulisha makinda, akaja kutafuta ugomvi na kitu ambacho hakipo. Mara moja huenda isimdhuru, lakini bundi wetu hutembelewa na watu kila msimu, na kila mmoja huona kwamba yake ni mara moja tu. Nikikataa, wapo wanaonuna, na wapo waliokwenda kumtafuta mwongozaji mwingine. Mpaka wangu upo hapo. Tafuta sifa kadiri utakavyo, ila gharama yake ilipe wewe mwenyewe, kwa muda wako na nauli yako, wala usimlipishe ndege.

Orodha Ndefu, Mombasa

Kwa heshima zote, naomba kupinga kidogo mwelekeo wa mjadala kabla haujakubaliwa na kila mtu, kwa sababu naona tunaanza kuzungumza kana kwamba kuhesabu na kupenda ni maadui.

Mimi ni mtu wa orodha na ninajivunia. Kabla ya kuanza kuhesabu, ndege wote wadogo wa kahawia waliojificha kwenye nyasi walikuwa kwangu kitu kimoja, na niliwapita bila kugeuza shingo. Nilipotaka kupanda kwenye orodha ya vinara ilinibidi niwajue wale wa jamii ya Cisticola, ambao kwa macho wanakaribia kulingana na hutofautishwa zaidi kwa sauti, kwa makazi na kwa namna dume anavyoruka wakati wa kujitangaza. Nilikaa na rekodi zao usiku hata watu wa nyumbani wakazijua. Leo nikipita penye nyasi nikasikia mlio mmoja, namfahamu mwenyewe na najua kwa nini yuko pale badala ya mwenzake, na elimu hiyo niliipata kwa sababu nilitaka nambari. Je, kuna ubaya gani kama tamaa ndiyo iliyonisukuma mpaka mlangoni, na mapenzi yakanikuta ndani?

Mtazameni Phoebe Snetsinger, Mmarekani ambaye mwaka 1981 aliambiwa na madaktari kwamba ana saratani ya ngozi na kwamba hana muda mrefu wa kuishi. Aliamua kusafiri kutazama ndege, akaishi miaka mingi kuliko alivyotabiriwa, na katikati ya miaka ya 1990 akawa mtu wa kwanza kufikisha spishi 8,000. Alifariki mwaka 1999 katika ajali ya gari huko Madagaska, akiwa bado katika safari ya kutazama ndege. Kabla ya kila safari alikuwa akisoma juu ya ndege wa mahali anapokwenda na kuandika maelezo yao kwenye kadi, moja baada ya nyingine, na waliosafiri naye walishangazwa na kiasi alichokuwa akikijua. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba hakuwapenda ndege kwa sababu tu aliwahesabu.

Nawe, ndugu wa Ondiri, unasema vijana wameanza kwa kuliona jina lako. Basi kwa nini uliondoe?

Mwalimu wa Arusha

Nimefurahi kwamba Orodha Ndefu amesema alichosema, kwa sababu hoja yake juu ya elimu ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Mimi pia nimejifunza mengi kwa kusukumwa na mashindano. Lakini kwa kuwa amemtaja Bi. Snetsinger, ni vyema tuutaje na upande mwingine wa maisha yake, ambao unajulikana pia: akiwa katika safari hizo alikosa mazishi ya mama yake na arusi ya mmoja wa binti zake. Simhukumu, maana mtu aliyeambiwa kwamba siku zake zinahesabika huishi kwa hesabu ambayo wengine hatuijui. Naona tu kwamba ni vigumu kuwaelekeza vijana kwenye mfano wake bila kuwaeleza habari yote.

Nitachangia kutoka katika klabu ya mazingira ya shule ninayofundisha. Tulipoanza, kila Ijumaa wanafunzi walikuwa wakisoma orodha zao mbele ya wenzao, na aliyeleta jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia alipigiwa makofi. Baada ya muda nikaona mambo mawili. Watoto ambao wazazi wao wana gari, na ambao mwishoni mwa wiki walikwenda mpaka Hifadhi ya Arusha, walikuwa wakishinda daima. Na wale waliobaki walianza kuleta ndege ambao, kwa kusema kweli, hawakuwa wamewaona. Hawakuwa watoto waongo. Sisi wakubwa ndio tuliokuwa tumewaonyesha ni kitu gani kinachopigiwa makofi.

Tukabadilisha utaratibu bila kutangaza lolote. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja husimama na kusimulia ndege mmoja wa kawaida kabisa, anayepatikana katika kiwanja cha shule, na wenzake humuuliza maswali mpaka waridhike. Msichana mmoja wa kidato cha pili alimchagua chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua, aliyekuwa amejenga karibu na ofisi ya walimu. Alieleza jinsi kiota kinavyoning'inia kwenye ncha ya tawi, kimeshonwa kwa majani makavu na utando wa buibui, na mlango wake uko ubavuni chini ya kijipaa kidogo cha majani. Alikuwa ameona kwamba anayeingia kuatamia ni jike peke yake, huku dume mwenye rangi za kung'aa akizunguka tu nje na kufukuza wengine, na darasa zima lilibishana juu ya hilo kwa uchungu uliotufurahisha sana sisi walimu. Makofi aliyopigiwa yalikuwa makubwa kuliko ya ndege yeyote wa nadra, na wiki iliyofuata kulikuwa na watoto wengi chini ya mti ule kuliko waliowahi kuja kwenye klabu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Ondiri, sidhani kwamba hamu ya kutambuliwa itakutoka, wala sioni kwa nini itoke. Watu hujifunza cha kupenda, kwa sehemu kubwa, kwa kutazama wenzao wanapenda nini. Lipeleke swali lako kwenye lile kundi lenu la WhatsApp. Mtu akituma picha ya ndege mgeni wa Magadi anapata pongezi nyingi. Mtu akiandika kwamba korongo wa Ondiri wametotoa, anapata ngapi? Nawe mwenyewe huwa unampongeza nani?

Mkaazi wa Ondiri

Ahsanteni nyote. Mwongozaji, maneno yako juu ya kumtaja aliyekuonyesha nimeyachukua, na nimeanza kurudi kwenye orodha zangu za zamani kuongeza majina. Mwalimu, swali lako la mwisho limenikamata, na sina jibu zuri la kukupa.

Orodha Ndefu, nakubaliana nawe kwamba kuhesabu kunafundisha, na mimi pia kulinifundisha. Ila naona kuna mahali ambapo mafunzo hayo hupungua. Spishi mia za mwanzo hukufundisha kutazama. Ukishapita mia sita hivi, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni nauli na bahati, na mtu anayeishi karibu na ndege wale wale kila siku haongezi tena kitu, hata kama anawajua kuliko mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo nilipokwama.

Darubini ya Nakuru

Ndugu wa Ondiri, katika maneno yako ya mwisho umelisema jambo lenyewe, nami naomba niliendeleze. Kutaka kutambuliwa sikuoni kuwa ndiko kunakokusumbua. Kipimo ulichokubali kupimwa nacho kinahesabu kitu tofauti na kile unachokipenda. Orodha ya vinara huhesabu spishi. Korongo taji wa Ondiri alihesabiwa siku ile ya kwanza, na tangu hapo, kwa kipimo hicho, kila asubuhi uliyokaa naye imekuwa na thamani ya sifuri. Mtu akipimwa hivyo kwa miaka, hata awe na mapenzi gani, ataanza kutazama saa.

Mimi hujitolea katika Ramani ya Ndege ya Kenya, iliyoanza mwaka 2013, ambayo imeigawa nchi nzima katika miraba ya takribani kilomita 9 kwa 9. Anayetaka kuchangia huchagua mraba, hutumia angalau saa mbili akipita katika mazingira yote anayoweza kuyafikia ndani yake, yaani mashamba, mto, msitu na mji, na huandika kila spishi kwa mpangilio aliowaona. Anaweza kuendelea kuongeza kwenye orodha hiyo hiyo mpaka siku 5 zitimie, kisha anaanza nyingine. Uzuri wake ni kwamba mraba uliotembelewa mara nyingi huwa na thamani zaidi, wala haupungui. Kwenye orodha kumi za mraba mmoja, ndege fulani akionekana mara tisa na baada ya miaka michache akawa anaonekana mara tatu, hapo pana habari, na habari hiyo haiwezi kupatikana kwa mtu aliyepita mara moja, akamwona ndege wa nadra, akaondoka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya kumfariji asiye na gari. Nawaomba wautazame utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya ndege wakubwa wawindaji na tai wala mizoga wa Kenya. Watafiti walichukua hesabu zilizofanywa kando ya barabara kati ya 1970 na 1977, wakazilinganisha na hesabu za aina hiyo hiyo za kati ya 2003 na 2020, wakakuta kwamba katika spishi 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Hesabu za miaka ya 1970 zilikuwa za mtu kuendesha gari na kuandika kila mwewe na kila tai aliyeketi juu ya nguzo, wakati ambapo ndege hao walikuwa wengi kiasi kwamba ungeweza kujiuliza anayeandika anajisumbua kwa nini. Kama wangeandika ndege wa nadra peke yao, leo tusingekuwa na chochote cha kulinganisha nacho.

Hapa kwetu Nakuru hali ni hiyo hiyo. Kila Januari watu wa kujitolea hukusanyika pamoja na Makumbusho ya Taifa na shirika la Nature Kenya kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Unapangiwa sehemu ya ufuko, unasimama na darubini, unawahesabu heroe kwa makundi ya kumi, kisha ya mia, macho yakikuuma kwa mwanga unaoakisiwa na maji, na mwisho wa siku nambari yako inajumlishwa na za wengine. Jina lako halitajwi kokote. Lakini ziwa lilipoanza kujaa baada ya mwaka 2010 na heroe wakatawanyika, nambari hizo za Januari ndizo zilizoonyesha mabadiliko yamekuwa makubwa kiasi gani, na mimi nikizitazama naijua sehemu yangu.

Sitaki kukudanganya kwamba kwa njia hii utajulikana kama unavyojulikana sasa. Hutajulikana hivyo. Watu watakaokutambua ni wachache, labda mhariri wa data, mtafiti mmoja, na mwenzako wa mraba wa jirani. Ila watakutambua kwa kazi ambayo ungeifanya hata kama hakuna anayetazama, na kwangu tofauti hiyo ndiyo iliyonirudishia usingizi. Kuhusu eBird usijiondoe, kwa maana orodha zako zina faida. Unaweza kuchagua katika mipangilio jina lako lisionyeshwe miongoni mwa vinara, ukaendelea kuandika kama kawaida. Jaribu kwa msimu mmoja, kisha ukiona unalihitaji kwa ajili ya wale vijana, lirudishe.

Orodha Ndefu, Mombasa

Darubini, nakiri kwamba hoja ya hesabu za barabarani ni nzito, na sikuwa nikiifahamu. Mimi bado nitahesabu spishi zangu. Naomba tu kujua: mraba wa hapa Mombasa una orodha ngapi hadi sasa, na nitajuaje kama uliopakana nao umeachwa nyuma?

Mkaazi wa Ondiri

Nimelificha jina kama ulivyoshauri, Darubini, na nimeshawaandikia wale vijana kuwaeleza sababu, wasije wakadhani nimeacha. Wawili kati yao wanataka tuuanze mraba wa Ondiri pamoja Jumamosi ijayo. Je, watu watatu wakitembea pamoja waandike orodha moja au kila mtu ya kwake?

Darubini ya Nakuru

Mkitembea pamoja mkatazama ndege wale wale, andikeni orodha moja na mchague mmoja wenu wa kuituma, ili mraba usionekane umetembelewa mara tatu siku moja. Mkitaka orodha tatu, kila mmoja aende kivyake, kwa mfano mmoja aanzie kinamasini, mwingine mashambani. Kwa kuwa korongo taji wako katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, msisogelee viota wala msitume picha zinazoonyesha vilipo.

Orodha Ndefu, fungua ramani kwenye tovuti ya mradi uitazame Pwani: rangi ya kila mraba inaonyesha idadi ya orodha zilizotumwa, na iliyo mitupu utaiona mara moja, hasa ukienda mbali na barabara kuu. Kitu kimoja nakuomba kwa kuwa uko Mombasa: usiwaruke kunguru. Watazamaji wengi wa huko hawawaandiki kwa sababu wamewachoka, lakini ndege hao walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 wameenea Pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na anayetaka kujua wamefika wapi anategemea orodha kama yako.

Orodha Ndefu, Mombasa

Nimeiona. Kuna miraba miwili upande wa Kwale ambayo haijatumiwa hata orodha moja kamili. Nitaanza na ule wa karibu na bahari, na kunguru nitawaandika wote.